Umepumzika Mara Ngapi?

Bibi yangu hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu anaumwa nini. Aliuliza, "Umepumzika mara ngapi?"

Swali hilo lilimngoja kila aliyerudi kutoka sokoni Lushoto na kupandisha kile kipande cha mwisho cha mlima wa kuja kwetu Kwai, mlima ambao yeyote aliyewahi kuupanda na tenga kichwani anaukumbuka hadi leo kwa magoti yake. Njia ilikuwa ya miguu, nyekundu, nyembamba, na mvua ikinyesha iliteleza kama sabuni ya mche. Na kando yake palikuwa na vituo vya kutulia mizigo ambavyo havikuwekwa na serikali ya kijiji wala na misheni, bali na uchovu wa watu wengi kwa miaka mingi: kwanza jiwe bapa lililolainika kwa kukaliwa, kisha mkalitusi ulioinamia korongo, kisha kijito cha kunawia uso, halafu ile kona ambapo ukungu ukipisha unaona mabati ya kanisa. Mama mwenye tenga la kabichi alitua jiweni na kwenye kona. Kijana mwenye gunia la viazi alitua kwenye mkalitusi tu, tena kwa aibu, akijifanya anafunga kamba ya kiatu ilhali hana viatu.

Bibi aliyajua hayo yote. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na daftari kichwani. Fulani, mara mbili. Fulani, mara mbili, ila juzi mara tatu na alishika kifua. Alikukaribisha jikoni kwenye moshi wa kuni mbichi, akakupa kikombe cha chai ya tangawizi, akauliza swali lake, na jibu lako akaliweka mahali.

Leo watu wanapanda bodaboda. Ni dakika chache tu, na shingo inauma kwa baridi. Hakuna anayepumzika, basi hakuna wa kuulizwa.

Mtu wa kwanza niliyemwona akizidi kupumzika alikuwa baba mkubwa. Alikuwa na mwili wa mbeba magogo na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kituo kimoja, jiwe bapa, basi, tena zaidi kwa ajili ya kuvuta sigara kuliko kupumua. Kisha ikawa viwili. Masika yaliyofuata vikawa vinne, na kile cha nne hakikuwa kituo cha mtu yeyote. Alisimama tu katikati ya njia, mkono kifuani, akitazama chini kama aliyeangusha senti, na baada ya kusimama kidogo maumivu yakaondoka akaendelea. Alisema ni kichomi. Wengine wakasema baridi imemwingia. Zahanati moja ikampa dawa za vidonda vya tumbo, kwa sababu maumivu yalimjia zaidi akipanda mlima baada ya kula. Bibi alimwambia, "Mwanangu, umefika mara nne." Akacheka.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba mwaka 1768 daktari wa London aitwaye William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake juu ya maumivu ya kifua yanayomshika mtu akitembea, hasa akipanda kilima, hasa akiwa ametoka kula, na yanayopoa papo hapo akisimama. Nilirudia aya ile mara mbili. Ilikuwa ni baba mkubwa mtupu, na mlima wake, na wali wake wa mchana.

Alifia njiani, asubuhi, kabla ya jiwe. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kifo chake katika matangazo ya vifo, kwa ile sauti iliyosoma majina yote kwa uzito mmoja, na waliokuwa Korogwe na Tanga wakapanda magari kuja kuzika. Lakini neno lililotembea kijijini halikuwa "moyo". Lilikuwa "ghafla". Na kwetu wakati huo, kilichokuja ghafla kilikuwa kimetumwa, na aliyekituma alitafutwa karibu na nyumbani: jirani aliyegombana naye juu ya maji wiki mbili kabla. Sitasimulia yote. Itoshe kusema kwamba yule jirani hakuja tena kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji, kwamba watoto wake waliacha kupita uani kwetu, na kwamba mimi, niliyecheza nao mpira wa matambara, nilijifunza kutazama pembeni nikikutana nao.

Kipimo tulikuwa nacho, na kilikuwa sahihi. Tulichokosa ni pa kukipeleka.

Nimeutaja mfereji. Msomaji aliyekulia Usambara, au Upare, au chini ya Kilimanjaro, hahitaji kuelezwa. Anajua sauti yake usiku. Kwetu Kwai, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mahali ambapo Wajerumani walifungua shamba lao la majaribio mwaka 1896 ili waone kama mazao na mifugo ya kwao ingekubali kuishi, maji yaliteremka kutoka msituni kwa mifereji iliyochimbwa kwa jembe na kukadiriwa kwa jicho, ikazunguka mabega ya vilima, ikagawanyika bustani hadi bustani, kabichi, karoti, mapeasi, na kila mlango wa bustani ulikuwa na kizibo cha matope na majani ya mgomba. Ulizibua kwa zamu, ukaziba kwa zamu. Mgawaji wa maji alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, mtu wa darasa la nne mwenye koti la kaki lisilovuliwa.

Kiangazi kimoja, kabla baba mkubwa hajafa, bustani za chini zilikauka. Watu walijua sababu, maana ilionekana: juu kule palikuwa na mwamba ulioubana mfereji hadi mtoto angeweza kuuruka. Kila aliyepita alinyoosha kidole. Hapo ndipo maji yananyongwa, walisema, na vijana walikuwa wameshaazima nyundo na mitaimbo ya kuupasua. Mjomba aliwaomba siku moja. Asubuhi yake, wakati ukungu bado umelala mashambani, alituma neno bustani zote za chini kwamba kila mtu azibue kizibo chake, wote kwa pamoja, bila zamu. Watu walidhani amechanganyikiwa. Kisha akachukua tete lenye alama za kisu, akanipa nilibebe, tukaufuata mfereji. Alilichovya juu ya mwamba akasoma alama. Akalichovya chini ya mwamba. Karibu sawa. Akaguna. Tukashuka hadi mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama kabisa, majani mazuri, kivuli, kingo zimejikunja kidogo tu, akachovya juu, akachovya chini, na mara hii tete lilirudi limelowa nusu.

Walichimba pale. Chini ya yale majani mazuri palikuwa na mizizi ya mti uliokwisha kukatwa, imeshika tope la miaka. Mwamba uliachwa. Upo hadi leo.

Nilimuuliza kwa nini aliwafungulia watu wote maji. Alisema wakati wa masika kila mfereji ni mzima. Maji yakiwa hayatakiwi sana, hata njia mbovu inatosha. Ukitaka kuujua ubovu wake, udai maji mengi kuliko inavyoweza kuleta.

Ilinichukua zaidi ya miaka 40 kuisikia hoja hiyohiyo kutoka kwa mtu mwingine, na huyo mwingine alikuwa amevaa joho la kijani na kofia ya karatasi.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na zama za India. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka namna neno hilo lilivyotamkwa. "Amepelekwa India" lilimaanisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu ni mgonjwa sana, na kwamba ana mtu serikalini, au ana ndugu wengi wenye mishahara. Wengine wetu tulibaki na hospitali ya Bumbuli kwa Walutheri, na Bombo kule Tanga, na ukizidiwa KCMC, Moshi, ambako ulipewa dawa ya kuweka chini ya ulimi na ushauri wa kutobeba mizigo, ushauri ambao kwa mtu wa Kwai ni sawa na kuambiwa usile. Redioni kulikuwa na kipindi cha "Ugua Pole", salamu kwa waliolazwa, na naapa kulikuwa na faraja ndani yake ambayo simu hii ya mkononi haijawahi kunipa. Faraja, lakini si mkondo wa damu.

Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 kitengo kile kikawa taasisi inayojitegemea, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, Profesa Mohamed Janabi akiwa mkurugenzi wake wa kwanza, na magazeti yakaanza kutufundisha msamiati mpya: mtambo wa kateta, kipandikizi, kuzibua mishipa ya moyo kupitia tundu dogo la mkononi au kwenye paja. Kuzibua. Waandishi hawakujua, nadhani, kwamba walikuwa wanaokota neno la mfereji. Ilinipendeza mno. Nilimkatia mjomba ukurasa ule wa gazeti, naye akasema ni habari njema kwa wenye mioyo.

Mjomba alikuwa akipanda bodaboda kwa miaka kama minane wakati huo. Simlaumu. Nani abebe kabichi kichwani ilhali kuna kijana wa jirani mwenye pikipiki ya Kichina anayembeba yeye, kabichi na mbolea kwa safari moja? Pikipiki ile imewaokoa wajawazito wangapi usiku, nimeshuhudia mwenyewe. Ila mlima ulikuwa umenyamaza. Bibi alikuwa amekwisha kufa, na daftari lake nalo. Mtu aliweza kuwa na mishipa iliyobanwa kama mfereji wa kiangazi na bado akaishi katika masika ya kudumu: analetwa mlangoni, anakaa, anakunywa chai, anasalimia, hana dalili. Mjomba alijua kwamba ana shida siku moja tu, siku ambayo mafuta yaliadimika na pikipiki hazikutembea. Alipanda kwa miguu. Alipumzika mara tano.

Hakuniambia. Aliniambia shangazi yangu, mkewe, kwa simu ya saa nne usiku: "Mjomba wako alikaa hadi kwenye lile jiwe la zamani. Nilimwona anakaa kama marehemu alivyokuwa anakaa."

Tulimteremsha kwa basi, Soni, Mombo, zile kona, kisha lami ndefu hadi Dar es Salaam, akilalamikia joto tangu Korogwe. Hospitali walimpima kwanza kwa zile nyaya za kifuani zinazochora mistari. Akiwa amelala, mistari ilikuwa mizuri. Masika, nilijisemea. Wakampandisha kwenye mkanda unaotembea, wakaunyanyua taratibu. Alifurahi kuona wamejenga kilima ndani ya nyumba, akauliza kwa nini hakifiki popote, na dakika ya nne akashika kifua. Siku iliyofuata wakamwingiza kwenye chumba cha mtambo.

Sikuruhusiwa kuingia. Niliyoyajua niliyajua baadaye, daktari aliponiita mbele ya kioo cha kompyuta, kijana anayeweza kuwa mwanangu, akaniamkia "shikamoo" kisha akaurudisha moyo wa mjomba ukipiga kwa rangi ya kijivu. Waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wakaufikisha moyoni, wakamimina dawa inayoonekana kwa eksirei. Mishipa ikajichora kama mito kwenye ramani ya jiografia. Akanionyesha mahali pawili. Pa kwanza palitisha: mshipa umebanwa hadi wembamba wa uzi. Pa pili, kwenye mshipa mwingine, palikuwa pamekunjwa kidogo tu, ningepita bila kuona.

"Zamani," alisema daktari, "tungezibua hapa pa kwanza kwa sababu tunapaona."

Hiyo "zamani" yake ni ya juzi tu. Mtu wa kwanza kuimwaga ile dawa ndani ya mshipa wenyewe wa moyo, Mason Sones wa Cleveland, Marekani, mwaka 1958, alifanya hivyo kwa bahati mbaya. Mrija uliteleza ukaingia mahali pasipokusudiwa, moyo wa mgonjwa ukasimama, akaambiwa akohoe, akakohoa, akapona, na kutokana na ajali hiyo ulimwengu ukapata picha. Picha ikawa mfalme. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig akiwa Zurich alipanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza ndani ya mtu aliye macho, naye, jambo linalonigusa, alipima msukumo wa damu juu na chini ya wembamba, kabla ya puto na baada yake, kwa kutumia mrija uleule. Kisha vifaa vikawa vyembamba zaidi, tundu la kupimia likaondolewa, na kwa miaka mingi watu wakarudi kwenye kunyoosha kidole: pale pamebana, pazibuliwe.

Na jicho lina kasoro ambayo mjomba aliijua kwa tete. Mwaka 1974 Lance Gould, Mmarekani, aliibana mishipa ya moyo ya mbwa hatua kwa hatua akaona kwamba mnyama akiwa ametulia, damu haipungui mpaka upana wa mshipa umezibwa karibu asilimia 85. Mishipa midogo ya chini inajifungua kufidia. Ila ukidai damu nyingi, upungufu unaanza kuonekana kwenye asilimia 50 hivi. Ndiyo hoja ya masika na kiangazi, imeandikwa kwa tarakimu.

Waliorudisha kipimo walikuwa Mholanzi Nico Pijls na Mbelgiji Bernard De Bruyne, katika miaka ya 90. Kipimo chao ni waya wenye unene usiofika nusu milimita, na karibu na ncha yake kuna kifaa cha kuhisi msukumo. Waya unapitishwa ng'ambo ya wembamba. Kisha mgonjwa anapewa dawa iitwayo adenosini, ambayo kwa dakika chache inaifungua mishipa midogo ya moyo, yote kwa pamoja, bila zamu. Msukumo wa ng'ambo unagawanywa kwa msukumo wa kwenye mshipa mkuu. Mfereji mzima husoma 1. Ukisoma 0.80 au chini yake, wembamba ule unanyima nyama ya moyo damu, na kuzibua kuna faida. Ukizidi hapo, mara nyingi dawa zinatosha, hata picha itishe vipi.

Mshipa uliotisha wa mjomba ulisoma 0.86. Ule uliojikunja kidogo, 0.74.

Nilicheka, na daktari akadhani ni mshtuko. Nikamweleza habari za mwamba na tete. Alisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho si cha kawaida kwa mtu mwenye foleni mlangoni, kisha akasema kwamba mzee alikuwa ameshamuuliza hukohuko ndani, akiwa amelala juu ya meza, dawa ilipoanza kumkaza kifua na kumpandisha joto usoni: "Daktari, mmewazibulia wote?"

Walimwekea kipandikizi kimoja. Kimoja, si viwili, na hilo si dogo kwa familia iliyokuwa ikihesabu michango kwenye daftari la shule. Mwaka 2009 utafiti wa akina Pijls ulifuata wagonjwa 1,005 katika hospitali 20 za Ulaya na Marekani: waliotibiwa kwa kufuata picha peke yake waliwekewa vipandikizi 2.7 kwa wastani, waliopimwa kwa waya 1.9, na baada ya mwaka mmoja, waliokufa, waliopata shambulio la moyo au waliolazimika kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 18.3 upande wa picha na 13.2 upande wa waya. Waliowekewa vichache ndio waliopata nafuu zaidi. Mtu wa mfereji hashangai. Kila unapopasua kingo bila sababu unafungua mahali pengine pa kubomoka.

Baadaye waya wenyewe umeanza kuonekana mzito. Kuna kipimo kisichohitaji hata adenosini, kinasoma msukumo katika sehemu maalumu ya pigo la moyo mtu akiwa ametulia. Kuna kompyuta zinazochukua picha za CT na kukadiria mkondo bila kuingiza mrija wala waya moyoni. Nafurahi, kwa kweli nafurahi. Nina umri wa kufurahia vitu hivyo. Lakini vyote vinaanzia mlangoni mwa hospitali, na tatizo letu lilikuwa daima kujua nani afike mlangoni.

Namfikiria baba mkubwa, bila machozi, kwa namna mtu anavyofikiria deni lisilolipika. Sijui mishipa yake ingesoma ngapi. Labda hata haikuwa mishipa. Ningependa iwe na tarakimu, kwa sababu tarakimu haina jirani. 0.74 haiwezi kugombana na mtu juu ya maji. Baada ya mjomba kutoka hospitali nilipanda Kwai, nikaenda nyumbani kwa mtoto mkubwa wa yule jirani, mzee sasa kama mimi, mvi mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kusema neno fulani. Tulizungumzia bei ya karoti. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza hadi njiani, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, na tulipofika kwenye jiwe bapa tukakaa wote wawili, ingawa hakuna aliyekuwa amechoka. Pikipiki tatu zilipita. Jiwe limeota kuvu.

Mfereji nao upo na haupo. Sehemu ya juu bado inatiririka, lakini wengi wana mpira na mashine ya petroli, kila mmoja anajivutia yake kutoka bondeni, saa anayotaka. Hakuna zamu, hakuna ugomvi wa zamu. Mboga zimekuwa nyingi, malori ya Dar yanapakia hadi usiku. Hakuna mgawaji wa maji. Wajukuu wa mjomba hawajui kizibo cha majani ya mgomba ni nini, na sina hakika wanapungukiwa na chochote, isipokuwa kiangazi mashine tatu zikinguruma pamoja, wa chini kabisa anajikuta anavuta tope, naye hana wa kumpelekea tete.

Daktari alimwagiza mjomba mambo manne: vidonge kila siku bila kuruka, chumvi kidogo, asiguse sigara, atembee nusu saa kila siku. Vidonge anavimeza kwa nidhamu ya mgawa maji. Chumvi wanabishana na shangazi. La kutembea lilileta kizaazaa, maana kule kwetu huwezi kutembea nusu saa bila kupanda, na watu walipomwona mzee wa heshima anapita kwa miguu walisimamisha pikipiki kumwonea huruma. Kijana mmoja alikataa kabisa kumwacha njiani, akasema atamwambia nini mama yake. Ikabidi mjomba atangaze msikitini na kanisani, kote kuwili, kwamba asibebwe.

Basi kila jioni ananipigia. Hasemi habari za asubuhi wala za hali ya hewa. Mimi ndiye ninayeuliza, na nasikia sauti ya bibi ikitoka kinywani mwangu.

"Shikamoo mjomba. Umepumzika mara ngapi?"

"Marahaba. Mara moja," alisema juzi, akipumua vizuri. "Na hiyo si ya moyo. Nilimwona kwa mbali yule anayenidai hela ya mbegu, nikaona nikae kwanza nyuma ya mkalitusi."

Nilikuwa sijui kwamba bado upo.